Mtoto Alipolikataa Titi

Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Na wahusika nitawataja. Ni mama mkwe wangu, wifi yangu, na mume wangu aliyekuwa Kaliua akiezeka nyumba za watu. Kuna na wa nne, ila yeye nitamfikia.

Huyu mtoto nimemzaa na miaka arobaini na mbili. Nilivuja damu mpaka wakaniongezea chupa tatu, nikapona. Nikadhani ubaya umeishia pale.

Ana miezi kumi, Ijumaa moja nimemaliza kufua, nikaketi mkekani nimnyonyeshe. Akageuza uso. Nikambadilishia titi, akajipinda kama upinde, akalia. Jioni hivyo hivyo. Kesho yake hivyo hivyo. Uji anakula kidogo, maji anakunywa, titi akiliona tu anapiga kelele kama ameona nyoka. Matiti yakajaa, yakawa mawe, nikawa nashindwa hata kuinua mkono kujifunga kanga.

Tunakaa Mtendeni, nyumba ya ukweni. Wao ni watu wa mjini tangu mababu, mimi wamenitoa kijijini Lusu, na hawajawahi kunisahaulisha. Mama mkwe akaja kusimama mlangoni, akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi.

"Umembemenda huyu."

Neno hilo kwetu halisemwi kwa utani. Mtoto wa kunyonya, mama yake akitoka nje ya ndoa, wanasema mtoto anadhoofu, maziwa yanamkataa. Mume wangu alikuwa na miezi miwili hajatia mguu nyumbani. Basi hesabu mwenyewe nilichoambiwa.

"Mama, wallahi sijatoka."

"Mimi sijasema umetoka. Mtoto ndiye anasema."

Wifi akacheka. "Mama nawe! Maziwa ya miaka arobaini na mbili, hata ningekuwa mimi ningeyakataa. Yamechacha humo humo."

Huyo wifi ndiye aliyenipaka asali kwenye chuchu, eti mtoto avutike. Mtoto akailamba asali, akalia upya. Kisha wakanikamulia maziwa kwenye kifuniko cha chupa ya chai, wakatia sisimizi. Kama maziwa ni mazima, sisimizi anatoka. Sisimizi akahangaika, akafa. Mama mkwe akanyanyua kifuniko kama shahidi anayeonyesha kisu.

Ajabu ni kwamba nami niliamini. Nikaanza kujitafuta kosa. Nilicheka na muuza nyama? Nilicheka. Inahesabika? Nikakumbuka mpaka ndoto niliyoota zamani, ya mtu nisiyemjua, nikajiuliza kama ndoto nayo inaingia kwenye maziwa. Nikampigia mume wangu simu, nikamweleza mtoto hanyonyi, na mama mkwe anasema nini. Nilitegemea aseme mpuuze mama. Yeye akauliza neno moja.

"Nani?"

Nikakata simu.

Siku ya tatu niliuchukua mchuzi wa mboga, nikatia sisimizi. Akafa. Nikatia mwingine kwenye maji ya bomba. Akafa. Nikatia kwenye kikombe cha chai ya mama mkwe. Akafa, na mama mkwe akamtoa kwa kidole, akanywa chai yake yote. Badala ya kufurahi nikazidi kuchanganyikiwa. Kama si maziwa, ni nini?

Nikambeba mtoto nikaenda kliniki. Nesi binti mdogo tu, akaniambia shikamoo mama, nikaitika marahaba huku nalia. Akampima joto, akamwangalia masikio, akamfungua kinywa. Meno mawili ya juu yalikuwa yanatokeza, fizi zimevimba nyekundu.

"Mama, alikung'ata?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Alhamisi. Aliniuma mpaka damu, nikapiga yowe, nikamchapa kibao cha shavu. Huyo aliyemchapa, mimi mwenyewe, ndiye wa nne niliyesema nitamfikia.

"Basi labda fizi zinamuuma, labda alikuogopa," nesi akasema. "Labda vyote. Watoto hawaelezi. Usimlazimishe. Kamua kila baada ya saa chache, mpe kwa kikombe. Muweke kifuani bila nguo, umjaribishe titi akiwa anasinzia. Asipokunywa au akizidiwa, mrudishe haraka."

Nikakamua. Kifua kikalainika. Mtoto akanywa kwa kikombe, mama mkwe akisema nammaliza mtoto. Nikiwa jikoni yeye akamwogesha majani aliyoyachemsha, sijui majani gani, na hakuniuliza.

Siku ya sita, mchana, mvua inapiga bati, nimelala naye kifua wazi. Akiwa usingizini akatafuta, akashika, akavuta. Jino likanigusa. Nikaing'ata kanga yangu nisitoe sauti. Akanyonya. Sikuthubutu hata kukohoa.

Mama mkwe akachungulia. "Unaona? Majani yangu hayo."

Pole hakuniambia. Wifi alisema hewala, kizee bado kinatoa. Mume wangu alishuka treni wiki iliyofuata, akamwangalia mtoto kwanza, anavyonyonya, ndipo akaniangalia mimi.

"Kumbe ananyonya," akasema.

Lile swali lake la kwenye simu hajalirudia, wala hajaliondoa. Limekaa chumbani kama mgeni asiyeaga.

Mpaka leo sijui kilichomrudisha. Jino kumaliza kutoka, nesi, majani, au alinisamehe tu. Usiku nikiwaza nawalaumu wao, asubuhi najilaumu mimi, mchana natulaumu sote. Sasa ana mwaka na miezi minane, anajibwaga mapajani mwenyewe na kunifungua kanga mbele za watu. Wanasema mwachishe, amekuwa mkubwa, unamharibu. Simwachishi. Aache mwenyewe siku atakayotaka, na siku hiyo nitawaita wote waje wamwone anavyocheka akiwa ameacha.