Koili Niliyoikata Nusu

Sitawaficha, wenzangu: mimi niliyekuwa nikifundisha fizikia kidato cha pili niliwahi kuumbuliwa na jiko la koili, mchana kweupe, mbele ya mzee niliyetaka aniozeshe binti yake, na tangu siku hiyo nikisikia mtu anajisifia hesabu huwa natazama chini nikajikuna sikio.

Ilikuwa miaka ya tisini, nimepanga chumba Shirere kwenye ploti ya Mama Lihanda, mama mpole kwa kila jambo isipokuwa koili. Vyumba sita tulitegemea fyuzi moja ya ampea tano, na amri yake ilikuwa fupi: atakayepikia koili, ahame. (Yangu ilikuwa chini ya kitanda, nimeifunika kwa karai.) Sasa Awinja, mchumba wangu, akaniletea habari kwamba baba yake, Mzee Amukoya wa Butere, angepitia kwangu Jumapili baada ya kanisa aone mahali binti yake angeishi, na nyinyi mnajua mkwe hapewi chai na mkate akaenda zake, ni kuku, kuku mzima, na firigisi iwepo kwenye sahani, ikikosekana umemtukana.

Stovu yangu ilikuwa imeishiwa na mafuta ya taa. Mtu mwenye akili angeazima jiko la makaa. Mimi nikachukua chaki nikauendea ukuta. Koili ilikuwa imeandikwa volti 240, ampea 4. Nikagawanya, nikapata ukinzani wa omu sitini (ukinzani ni vile waya unavyouzuia umeme usipite ovyo), nikazidisha, nikapata nguvu ya wati 960. Nyingi mno, taa za wenzangu zingefifia na Mama Lihanda angejua. Basi nikaamua kitu kidogo tu, nikate waya katikati. Nusu ya waya, nusu ya ukinzani, omu thelathini. Ampea zangu nne nikaziacha pale pale, nikapiga hesabu, nne mara nne mara thelathini, zikaja wati 480. Nilifurahi, jamani, maana hesabu hiyo hiyo nilikuwa nimewafundisha wanafunzi Ijumaa na hakuna aliyebisha.

Mzee akafika na Awinja, nikamkalisha kwenye kiti changu cha pekee, sufuria ikiwa nyuma ya pazia. Nikachomeka. Koili ikawa nyekundu, ikawa rangi ya chungwa, ikaelekea kuwa nyeupe, nami bado najiambia leo ina bidii kweli, mara tukasikia mlio mmoja mkavu na redio ya Mama Lihanda, iliyokuwa katikati ya wimbo wa ibada, ikakatika. Kilichobaki kikitembea ni moshi, uliopita juu ya pazia kwenda kumsalimia mkwe.

Mama Lihanda hakubisha hodi. Alivuta pazia, akaiona koili, akaniambia kwa sauti ya chini nianze kufunga virago. Wapangaji walikuwa wamejaa mlangoni. Awinja alikuwa anatazama viganja vyake, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu chumba kingine ningepata, lakini Awinja mwingine ningemtoa wapi?

Kumbe mzee alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha sukari mpaka alipostaafu (Awinja aliwahi kuniambia tu kwamba baba alifanya kazi kiwandani, nami sikuuliza zaidi). Akainuka, akamwomba Mama Lihanda subira, akausoma ukuta wangu tangu juu hadi chini.

"Mwalimu," akasema, "hizi ampea nne ulizifunga kamba?"

Nikageuka kuutazama ukuta, naye akaendelea.

"Volti zinatoka kwa nguzo, hizo hazikungojei wewe. Ukipunguza ukinzani, umeme unapitanga mwingi. Gawanya tena."

Nikagawanya mbele ya watu wote: 240 kwa 30, ampea nane. Nikazidisha na volti: wati 1,920. Nilidhani nimepunguza moto nusu, kumbe nimeuongeza maradufu, tena juu ya fyuzi ya ampea tano. Mpangaji mmoja akaangua kicheko, wengine wakamfuata, hata Mama Lihanda akajizuia akashindwa.

Mzee akaweka waya mpya wa fyuzi, redio ikarudi, akaniombea msamaha. Mama Lihanda akakubali nibaki, kwa sharti kwamba koili aichukue yeye (aliitundika karibu na mita, wapangaji wapya waione). Kuku akaivia kwenye jiko lake la makaa, na ilipofika saa tisa tukala.

Firigisi, imondo kwa Kiluhya, nikamwekea mzee, kama inavyopasa. Akaitazama, akaikata katikati, akanisukumia kipande. Mkono wangu ukasita, maana hiyo hagawiwi mtu wa nje.

"Kula," akasema. "Nusu ya imondo ni nusu. Nusu ya waya, mtoto wangu, si nusu ya moto."

Nilisikia neno moja tu kati ya hayo yote, lile la mtoto wangu, na Awinja naye alilisikia, kwa maana alicheka akafunika uso na leso.

Jumatatu niliingia darasani nikafuta hesabu ya Ijumaa ubao mzima, nikaandika mpya. Msichana wa dawati la mbele akauliza mbona jibu limebadilika, nami nikamwambia ukweli: kuku alikataa kuiva. Koili sijaigusa tena. Hesabu za umeme nyumbani kwetu anapiga Awinja, mimi nashika tochi.