Mkorea Niliyemsimulia Baba

Mwaka ule pasipoti yangu ilikuwa kwa watu wa uhamiaji, nikisubiri viza mpya ya masomo. Kuidai pasipoti irudi kabla ya wakati kungefuta maombi yote. Nikawa mtu wa Harrow tu, huko ughaibuni: chumba cha juu nyumbani kwa shangazi, treni, maktaba, kisha chumba kilekile chenye dirisha lililogandishwa na rangi.

Nilikuwa naandika tasnifu kuhusu fikra za awali za kiongozi mmoja aliyepigania uhuru wa Korea. Nilimfuata angali kijana, kabla hajashika madaraka na yeye kuwabana wenziwe. Serikali ya mfalme wake mwenyewe ilimfunga kwa kudai mageuzi, kabla Wajapani hawajaitwaa nchi. Humo gerezani akaandika kitabu. Nilivyomwelewa, aliamini kwamba watu waliozoea kutii tu hawawezi kuulinda uhuru. Sharti kwanza waelimike, wabadilike nyoyo.

Baba, mwalimu mstaafu, akaugua figo huko Mombasa. Nilimpigia simu kila alasiri. Habari za dawa hakuzitaka.

"Nisimulie Mkorea wako," alikuwa akisema.

Siku niliyomweleza hoja ile, alinikatiza.

"Mimi pia niliwahi kulala ndani," akasema.

Sikuwahi kulisikia hilo. Kumbe alipokuwa mwalimu kijana alisema neno mkutanoni, akachukuliwa, akawekwa rumande bila kushtakiwa. Mama alijua. Sisi watoto tulifichwa.

"Ulikuwa ukiwaza nini humo, Baba?"

"Mlango. Kijana wako anataka akili ifunguke kwanza. Yangu ilikuwa wazi kabisa, mwanangu, na mlango haukufunguka. Hebu muulize, nani atakayesema kwamba watu sasa wameiva? Aliyewafunga?"

Wiki ile niliandika mengi kuliko niliyoandika miezi yote ya nyuma. Sura nzima ilitoka kwenye swali lake.

Kisha hali yake ikaharibika. Nilipiga simu uhamiaji; sauti ya upole ikanieleza kwamba naweza kuyaondoa maombi yangu wakati wowote, uamuzi ni wangu. Nikamwambia Baba naja.

"Ukija utarudi vipi?"

"Sitarudi. Basi."

"Usinifanye mimi niwe sababu ya wewe kuacha. Nakuomba. Sikuamuru."

Angeniamuru, ningekaidi. Ombi lilinishinda. Nikabaki, na kila asubuhi kwenye treni nilijiuliza nimebaki kwa ajili ya nani.

Alifariki Ijumaa, akazikwa alasiri ileile. Shangazi alikuwa amevaa sare ya uuguzi, zamu ikimngoja. Tulisimama jikoni tukitazama mazishi kwenye simu. Jeneza lilipofika kaburini, picha ikaganda: migongo ya kanzu, mkono mmoja hewani. Shangazi aliigusagusa skrini kwa kidole, akimwita kaka yake kwa jina la utotoni. Picha iliporudi, walikuwa wanafukia.

Pasipoti ilikuja wiki kadhaa baadaye, ina viza ndani. Shangazi aliisoma kwa makini, akanirudishia.

"Sasa unaweza kwenda," akasema.

Nilikwenda, nikakaa na mama mpaka arobaini ikapita. Niliporudi niliimaliza tasnifu. Msimamizi wangu alinishauri niifunge sura ile kwa jibu lililo wazi zaidi. Nilijaribu mara nyingi pale mezani, dirisha halifunguki, joto la kiangazi limejaa chumbani. Niliikabidhi bila jibu.