Gesi Isiyongoja

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, mama alimwita Profesa tangu shule ya msingi, kwa ubishi wake tu. Jina likamkaa mpaka akaajiriwa maabara kweli. Chumba chao hakina dirisha. Mezani kuna vioo vidogo vidogo na bomba la chuma lenye gesi. Wanapitisha mwanga wa leza humo, gesi inameza baadhi ya rangi, na pale zilipomezwa inatokea mistari kwenye kompyuta. Kwa mistari hiyo wanajua atomi za molekuli zimeachana kiasi gani na zimekaa kwa pembe gani. Mama alipoelezwa alicheka: "Anapima vitu visivyoonekana, na chumba chake hakioni kuwa kichafu!"

Mama, niliyekuwa namuuguza kwangu, alipozidiwa nilimpigia Profesa simu. "Njoo leo. Hali si nzuri."

"Dada, gesi ndiyo kwanza imetengenezwa. Haikai, inaharibika upesi. Nikiiacha, kazi yote bure. Nikimaliza tu, naja mbio."

"Hivi wewe una moyo wa namna gani?" Nikamkatia. Hasira zilinipanda, sitaki kuficha.

Jioni ile mama akakata roho mikononi mwangu.

Profesa alifika uso umechangamka, mistari yake imetokea. Akaona viti vimepangwa uani. Alilia mpaka sauti ikamkauka, na mimi sikumbembeleza. Nilimwekea maneno makali, nasubiri matanga yaishe.

Baada ya mazishi alirudi kazini. Mchana mmoja akaja kwangu na koti la maabara mwilini.

Kumbe wao, kabla ya kazi yoyote, hupima kwanza bomba tupu, waijue mistari ya mvuke wa maji, maana unyevu hupenya popote. Siku ile aliiruka hatua hiyo ili amuwahi mama.

"Leo nimelipima tupu, mistari ni ile ile. Bomba lilikuwa linavuja, dada. Mistari yote ile ni ya maji. Gesi yangu haikuwemo kabisa. Nilimwacha mama kwa ajili ya mvuke wa maji."

Masikini mdogo wangu! Yale maneno makali yote yakaniishia. Nikamvua koti, nikamlaza kitandani kwa mama.

"Aliniulizia?"

Nilitamani kumdanganya, ulimi ukakataa.

"Kila mlango ulipogongwa," nikamwambia, "alijua ni wewe."