Msalaba Uliosubiri Jina

Jumatatu asubuhi nilikuwa mgahawani Kashaulili nasubiri chai yangu nilipopigiwa simu kuambiwa kwamba fundi wetu wa milango amefariki. Sikuuliza amekufaje. Alikuwa anakufa kidogo kidogo kwa miaka miwili, na sisi wa karibu tulijua. Kilichonijia kichwani, na nakiri hapa bila kujipamba, ni kibao kimoja cha mninga kilicholala nyuma ya kabati langu nyumbani. Chai ililetwa, nikaiacha ikapoa. Nyie wasomaji wangu wa siku nyingi mmezoea kunisikia nikiwasema wakubwa na barabara zao mbovu. Leo mnivumilie, maana wa kusemwa ni mimi.

Marehemu alikuwa seremala, na kwa miaka mingi alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo kule Nsemulwa. Mimi nilikuwa katibu wake, na bado ni katibu. Kwa msiosali kwetu nieleze kidogo: kila Jumamosi asubuhi tunakusanyika nyumbani kwa mwenzetu mmoja, tunasali, tunasoma Neno, na katibu anaita majina. Aliyekuja anapata tiki, asiyekuja anapata kosa. Utaratibu huu ulikusudiwa tujuane na tusaidiane, lakini daftari likikaa mkononi mwa watu huota meno. Mmoja wetu akifa, parokiani wanauliza jumuiya kama marehemu alikuwa mwenzao. Barua yetu ikisema ndiyo, katekista anakuja, kwaya inaimba, msalaba unabarikiwa. Ikisema hapana, wafiwa wanajijua. Fundi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnyoofu kama milango yake, na ukimletea udhuru wowote alikuwa na jibu moja tu, kwamba kitabu ni kitabu.

Katika daftari lile kulikuwa na jina la mrina asali mmoja, mtu mpole asiye na maneno mengi. Mizinga yake ilikuwa mbali porini, na akitoka nyumbani alikaa huko wiki tatu, hata nne. Akirudi, Jumamosi moja utamwona amekaa karibu na mlango, nguo zinanuka moshi, anasali kwa sauti ya chini, kisha anapotea tena. Mishumaa tuliyowasha Pasaka ilitokana na nta aliyotuletea bure, na hakuna aliyeikataa. Masika moja alirudi na homa kali akafa kabla wiki haijaisha. Mkewe akaja kuomba barua. Tulikaa kikao, mwenyekiti akanigeukia akauliza daftari linasemaje, nami nikayahesabu makosa kwa sauti, moja moja, kama mtoto anayeonyesha kuwa anajua kuhesabu. Ningeweza kusema kwamba mtu huyu alikuwa kazini. Ningeweza kuitaja nta. Badala yake barua ya kumkataa niliiandika mimi kwa mwandiko wangu mzuri.

"Mama, sisi hatukumkataa," fundi alimwambia yule mjane. "Alijikataa mwenyewe."

Alizikwa kwenye shamba lao Kasokola, mvua ikinyesha, kaburi likichimbwa na majirani ambao wengi wao hata si Wakristo. Waliofika wanasema sala iliyosikika ilikuwa ya mjane peke yake, na msalaba haukuwepo.

Haukupita mwaka, kiharusi kikampiga fundi. Upande wa kulia ukapooza wote, na mkono uliomlisha ukalala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Mwanzoni tulikwenda kwake kwa nyimbo na sukari. Kisha tukapungua, tukachagua mwenyekiti mpya, na kila Jumamosi nilipofika kwenye jina lake niliweka kosa, maana ndivyo alivyonifundisha. Siku moja aibu ilinisukuma nikaenda kumwona. Nilimkuta yule mjane wa mrina asali amekaa kwenye kigoda, anamnywesha uji kwa kijiko. Alikuwa anakuja kutoka Kasokola kila wiki kumpumzisha mke wa fundi, ambaye alikuwa amechoka hadi basi. Mjane alipotoka kuosha bakuli, fundi alinieleza, machozi yakimtoka upande mmoja, kwamba alikuwa amemwomba msamaha, na jibu alilopewa ni hili: "Mzee, mimi bado. Nimekuja kwa kuwa mgonjwa ni mgonjwa. Kusamehe kukifika, nitakwambia."

Mimi ningeudhika. Ningesema nimeomba, basi, mzigo sasa ni wake. Fundi aliomba aletewe patasi na randa.

Kiangazi kile chote alitengeneza msalaba wa kaburi la mrina asali, kwa mkono wa kushoto. Nimesikia shuhuda nyingi za watu waliobadilika, wanaosimama mbele wamevaa suti na kueleza walivyokuwa zamani, na nakiri nyingi hunipita tu. Hii haikuwa na suti. Randa ilimtoka mkononi, akalaani, akaomba radhi kwa Mungu, akaiokota, akalaani tena. Kuna siku nilimkuta amelala sakafuni kwenye maranda, ameshindwa kuinuka, na hataki nimwinue. Hakuwa na furaha wala amani ile tunayoiimba. Alikuwa mtu anayezama, na imani yake ilikuwa ubao aliokuwa ameushikilia. Nilimwambia, kwa kumfariji, kwamba tunamwombea apone. Akanitazama.

"Katibu, mimi siombi kupona. Naomba nisiwe tena yule."

Msalaba ukaisha, bawa moja likiwa chini kidogo kuliko jingine. Herufi ndizo zilizomshinda. Akanipa kibao cha kupigilia juu yake, akasema mimi ndiye niliyekuwa naliandika jina la yule mtu kila Jumamosi na kuliwekea kosa, basi niliandike tena. Msalaba hautakwenda Kasokola bila jina, alisema, kwa sababu tulimfuta kwa jina. Nikakipokea, nikakiweka nyuma ya kabati. Aliniuliza mara tatu. Mara ya kwanza nilisema rangi imekwisha, mara ya pili nina kazi nyingi, mara ya tatu nikasingizia mvua. Ukweli ni kwamba niliogopa macho ya yule mama. Kibao kikabaki kwangu, msalaba ukabaki kibarazani kwa fundi, umeegemezwa ukutani, na yeye akiutazama kutoka kitandani mpaka Jumatatu ile.

Jioni ya siku ya msiba jumuiya ilikaa kuhusu barua yake. Hakuna aliyeniomba nifungue daftari. Mwenyekiti mpya alisema mzee alikuwa mgonjwa, asingeweza kuja kusali, na wote tukaitikia. Mjane wa mrina asali alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, kama alivyozoea kukaa mumewe. Hakupandisha sauti.

"Na wangu alikuwa porini. Nyie mlisema kitabu ni kitabu."

Nilikwenda nyumbani nikasogeza kabati. Rangi ilikuwepo. Kazi ile niliyoikimbia miezi yote ilinichukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Fundi akazikwa kwa kwaya na katekista, na kesho yake nikapigilia kibao, nikaufunga msalaba kwenye bodaboda, nikaupeleka Kasokola. Tuliusimika mimi na yule mama, tukashindilia udongo kwa miguu. Alisimama akalisoma jina la mumewe polepole, akapitisha kidole kwenye bawa lililoshuka, pale patasi ilipoteleza mara nyingi.

"Kumefika," alisema. "Sasa nitamwambia nani?"

Najua padri ataniambia kwamba wafu wanasikia, na natamani iwe hivyo kuliko ninavyotamani kitu kingine chochote. Lakini fundi alilisubiri neno lile akiwa hai, akiwa na masikio, na aliyelizuia lisimfikie ni mimi. Yeye kwa mkono mmoja wa kushoto alikubali Mungu ambadilishe mpaka ikamuuma. Mimi mwenye mikono miwili nilitaka kubadilika bila kutazamwa na mtu. Jumamosi nitaita majina tena. Asiyekuwepo nitauliza yuko wapi kabla ya kugusa kalamu, kisha nitamfuata huko aliko. Nawe msomaji, kama nyuma ya kabati lako kuna kibao cha mtu, usisubiri rangi.