Kioo Juu ya Ufa

Mpwa wangu tulimpa jina la Kokoto tangu angali mdogo, kwa sababu mifuko ya sare zake ilitoboka kwa mawe. Alipokua akapata kazi kwenye maabara ya chuo, kukata mawe kwa msumeno na kuyasugua mpaka yawe membamba, mwanga upenye. Mimi ni mwashi, mawe nayapasua kwa nyundo, basi nilimtania kwamba yeye analipwa kwa kuyanyoa.

Nyumba ya mama yake, dada yangu, ina ufa chumbani, kutoka sakafuni hadi darini. Nimeuziba kwa saruji mara tatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, si ndivyo tulivyofundishwa? Kokoto alicheka bila furaha.

"Mjomba, huu si ufa wa ukuta. Miamba ya chini ilishavunjika zamani, na upande mmoja bado unateleza. Ziba mpaka uchoke."

Maneno hayo yaliniudhi, tena yalinitisha.

Akaleta boksi la vioo vya maabara, vyembamba, urefu wa kidole. Kimoja akakibandika kwa gundi juu ya ufa, akachora tarehe juu yake kwa msumari. Kioo hakinyumbuki, alisema. Ardhi ikisogea hata unene wa unywele, kitapasuka. Boksi akalisukuma chini ya kitanda.

Mwezi huohuo likabandikwa tangazo chuoni kwao: nafasi ya shahada ya uzamivu, kuchunguza jinsi miamba inavyojikunja na kuvunjika. Miaka minne, ng'ambo, mtu mmoja tu. Kokoto aliomba, akapata. Ila alituambia waziwazi: kioo kikikaa kizima miezi mitatu, ataondoka. Kikipasuka, anabaki, na mama anahamishwa, apende asipende.

Kilipasuka wiki ya sita.

Dada akaniita. "Mdogo wangu, njoo na gundi."

"Dada, mwambie mtoto."

"Nimemsomesha miaka yote hii peke yangu. Leo ukuta ndio umzuie? Bandika."

Ningekataa. Lakini dada huyu ndiye aliyenilea, na mbele yake mimi bado ni mtoto. Nikabandika kioo kingine, nikaiga ile tarehe, hata mkia wa ile saba. Jumapili Kokoto alikuja, akapitisha kidole juu yake, akatabasamu. Nilijiona mwizi.

Cha pili kilidumu wiki tatu. Cha tatu, siku kumi. Nikabandika vingine mpaka miezi mitatu ikatimia; Kokoto akaaga, akaondoka na masanduku yake mawili.

Tangu hapo anapiga simu kila Jumapili asubuhi. "Mama, kioo?" "Kizima, mwanangu." Wiki iliyopita alikuwa na furaha tele: mwalimu wake amezipenda kumbukumbu za ukuta wetu anazoziandika kila Jumapili, naye Kokoto ameandika kwenye utafiti wake kwamba mwamba wa mtaa wetu umetulia. Habari zikaenea. Jirani wa nyuma ameniita nimwongezee ghorofa.

Leo nimekuta mlango wa chumba cha dada unakwangua sakafu. Ndani ya boksi kulikuwa na kioo kimoja. Nikakichora tarehe, nikakibandika. Hata chupa ya gundi sijaifunika, kikalia ti! kikagawanyika katikati ya tarehe.

Dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ananitazama. "Toa kioo cha dirisha," akasema, "ukate."

Simu ikaita. Akanyoosha mkono; nikamtangulia.

"Mjomba! Shikamoo. Leo wewe ndiye mlinzi wa kioo? Kizima?"

Dada alinitikisia kichwa nisimwambie, machozi yanamtoka. Kutoka kwenye ufa vumbi la plasta liliendelea kudondoka kidogo kidogo, kama unga kwenye chekeche, likaniangukia miguuni.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Kaa chini kwanza."