Mioyo Mitatu ya Pweza

Nasomesha hesabu skuli, na jambo nisiloweza kulihakiki hunikaa kooni. Niliposoma katika kitabu kimoja cha maajabu ya viumbe kwamba pweza ana mioyo mitatu, nilikifunga nikacheka peke yangu. Pweza nimemla tangu utotoni, na moyo wake hata mmoja sijawahi kuuona. Tena kitabu hicho hicho kilidai kwamba pweza jike akishataga huenda zake akayaacha mayai. Hilo nalo nilikuwa nimelisikia vingine kwa shangazi yangu wa Wambaa, anayechokoa pweza kwenye mashimo ya mwamba tangu hajaolewa.

Jumamosi moja ya bamvua nikatoka kwangu Tibirinzi kwenda Wambaa, kitabu mkobani. Nilimkuta shangazi mwambani, maji yamekupwa mbali, kanga kajifunga kiunoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kula au kufanya kazi?"

Nikamsomea kurasa zile mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, kaegemea chuma chake cha kuchokolea.

"Hilo la mayai si kweli," akasema. "Jike hayaachi. Nimeshamkuta pangoni, kakonda, rangi imemtoka, hali kitu, kazi yake kuyapulizia maji tu. Yakishaanguliwa, naye hufa. Mie nikimkuta vile namwacha."

"Na mioyo mitatu?"

"Uongo pia. Nimepasua wangapi mie?" Akainama kuchungulia shimo. "Lakini sikuwa natafuta moyo. Nilikuwa natafuta kitoweo."

Haikupita muda akamtoa mmoja chini ya jiwe, akamuua. Kila siku humgeuza kichwa nje ndani na matumbo yote huenda baharini kwa mara moja. Siku hiyo alichukua kisu, akampasua taratibu juu ya mwamba, nami nimechutama mbele yake, kitabu wazi kwenye ukurasa wenye picha.

Matamvua yake ya kupumulia yalikuwa mawili, laini kama manyoya ya kifaranga. Kwenye shina la kila moja palikuwa na kidonge kidogo, na kidonge kile kilikuwa kikidunda. Shangazi akasogeza utando kwa ncha ya kisu. Katikati palikuwa na kingine, cheupe, nacho kinadunda. Mnyama ameshakufa, mikono imelegea, na ile mitatu inaendelea na kazi yake kama haikuambiwa. Majimaji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya maji yaliyotiwa buluu ya kufulia.

Nilikuwa nimekuja kukiumbua kitabu.

"Subhanallah," shangazi akasema kwa sauti ndogo. "Miaka yote hii naitupa."

Akawaita wanawake wenzake waliokuwa wakichokoa karibu. Wakaja na ndoo zao, wakainama, wakatazama mpaka kidonge cha mwisho kikatulia.

Ndipo shangazi akaniambia, "Toa kalamu. Pale pa mayai andika kwamba wamekosea."

Nikaandika pembeni mwa ukurasa, kwa maneno yake mwenyewe, huku yeye amesimama juu yangu kuhakikisha sipunguzi. Tulipofika nyumbani alimweka pweza jikoni, akakaa kwenye mkeka.

"Haya, endelea. Wanasemaje juu ya kaa?"

Nikasoma mpaka adhuhuri. Kila aya alinikatiza: hili kweli, hili silijui, hili kesho tukatazame.