Nilienda scan ya mgongo, nikarudi nimejizika kwa sababu ya doa kwa ini

Wakuu, salamu kutoka Sori, huku kando ya Ziwa Victoria. Naandika vile ilinipata, chumvi sijaongeza.

Mimi ni fundi wa injini za boti. Mgongo uliniuma, nikaenda Migori kupigwa ultrasound ya figo. Figo zilikuwa sawa, kumbe ni misuli tu.

Lakini yule dada wa mashine hakuishia hapo. Akarudia upande wa ini mara tatu.

"Kuna nini hapo?"

"Daktari atakueleza."

Wakuu, ombeni msiambiwe hivyo.

Ripoti ilisema kuna "lesion", yaani doa, kwa ini, nifanyiwe CT scan. Nikagoogle nikiwa bado kwa benchi ya hospitali. Kufika nyumbani, nilikuwa nishakufa.

Mke wangu alilia, kisha akachinja kuku. Pastor akaja kuniombea, akasema "mapenzi ya Mungu yatimizwe" mara nyingi kuliko nilivyopenda. Fundi mwenzangu akauliza kwa upole spana zangu zitabaki na nani.

Usingizi ukaisha kabisa. Nikamkumbuka Okumu, kaka yangu. Miaka sita hatukuwa tunasalimiana, sababu ni mpaka wa shamba.

Nikaenda kwake. "Omera, ndugu yangu, chukua hicho kipande cha shamba. Mimi naenda."

Akanishika mkono. Tukalia wanaume wazima, kuku wakituangalia.

Wiki iliyofuata ni yeye alinisindikiza Homa Bay kwa CT. Daktari, mama mtulivu sana, aliniuliza kama nakunywa pombe, kama nimekonda, kama nimewahi kuugua hepatitis. Akaagiza vipimo vya damu. Vyote vikarudi safi. Akatazama picha za CT.

"Hii ni hemangioma. Ni mishipa ya damu imejikusanya pamoja. Si kansa. Pengine umeishi nayo miaka mingi."

"Sasa dawa ni gani?"

"Haihitaji dawa. Rudi kazini."

Nikatoka nje nikacheka hadi askari wa geti akanikodolea macho. Okumu alinikumbatia, akafurahi kweli. Halafu akakohoa.

"Sasa kama hufi... lile shamba?"

Nikamwambia akae nalo. Nilimaanisha, ingawa roho ilichukua siku kadhaa kukubali.

Funzo langu: scan ikionyesha kitu ambacho hukuwa unatafuta, usikidharau, lakini pia usijizike. Fuatilia vipimo hadi mwisho, ndio uanze kugawa mali.

Kuna mwingine hapa alishaaga watu kisha akakataa kufa? Unawaangaliaje hao watu sasa?